Dada Ana Kitambi

"Siyooo!"

Sauti hiyo ya watoto zaidi ya mia moja bado inavuma masikioni mwangu, na haya ninayaandika nimefunga mlango kwa komeo, maana binti yangu siku hizi anasoma kila anachokiona, na humu yumo.

Kilikuwa kikao cha wazazi wa darasa la kwanza. Barua ilisema saa mbili kamili asubuhi, nami nikafika saa mbili kamili. Anayefika saa mbili kamili kwenye kikao cha saa mbili kamili hapa Dar es Salaam huwa peke yake, na aliye peke yake hukalishwa mbele. Dawati la darasa la kwanza limechongwa kwa ajili ya watu wasio na magoti. Nilijipenyeza, magoti yakapanda mpaka usawa wa tai, begi la kompyuta nikalipakata juu ya magoti, kidevu kikatua juu ya begi. Wazazi waliochelewa, watu wenye akili zao, walisimama nyuma wameegemea ukuta, wakifaidi upepo wa dirishani. Aliyekuja kukaa nami ni bibi mmoja anayekaanga mihogo nje ya geti la shule, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Yeye alikaa upande, miguu akainyoosha kwenye njia, akaniangalia nilivyojikunja. "Pole, mwanangu," akasema. Nilidhani anazungumzia dawati.

Mwalimu, mama kijana mwenye sauti inayofika barabarani bila spika, alianza kwa kutueleza kwamba watoto wengi wanashindwa kusoma kwa sababu yetu. Shuleni wanafundishwa sauti za herufi; wakirudi nyumbani tunawafundisha majina ya herufi; kesho yake asubuhi yeye anaanza upya. Kila alipotamka "nyinyi wazazi" aliniangalia mimi, labda kwa kuwa wengine wote walikuwa mbali.

"Tutaona mfano," akasema. "Mzazi mwenye tai, karibu mbele."

Kutoka kwenye dawati lile kulichukua muda, na watoto, ambao walikuwa wamebanana sakafuni upande wa pili, walitumia muda huo kunikagua. Mwalimu akaandika ubaoni herufi moja, ndogo, safi: b.

"Mzazi, hii inatamkwaje?"

Nimesoma mikataba ya kurasa nyingi. Nimewahi kusoma masharti ya mkopo mpaka chini kabisa kwenye maandishi ya sisimizi. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Be."

"Siyooo!"

"Hilo ni jina lake, mzazi," mwalimu akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Watoto, yule mnyama jina lake ng'ombe. Sauti yake?"

"Moooo!"

"Umeona? Sasa huyu jina lake be. Sauti yake?"

Nikafikiri. Nikasema, "Ba."

"Siyooo!"

"Umeweka a, mzazi. Toa a."

"Bi."

"Sasa umeweka i."

Nikajaribu bu, nikaambiwa nimeweka u. Nikajaribu bo kwa sauti ya chini, kwa matumaini kwamba haitasikika. Ilisikika. Irabu za Kiswahili ni tano, na nilipozimaliza zote nikawa sina pa kukimbilia. Nikafunga midomo, nikakaza, nikasukuma. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, mzazi mmoja kule dirishani akaita, "Mpeni maji!" Kilichonitoka hatimaye hakikuwa herufi ya alfabeti yoyote niijuayo.

Hapo ndipo mwalimu akafanya jambo ambalo sidhani kama nitamsamehe. Aliangaza sakafuni, akasema, "Mtoto wake yuko wapi? Njoo umsaidie baba."

Binti yangu alikuwa amejificha nyuma ya daftari. Alisimama taratibu, akaja, hakunitazama. Akaelekeza kijiti kwenye herufi, akaitoa: b. Fupi, kavu, bila mkia, kama kizibo kinachong'oka kwenye chupa ndogo. Darasa likampigia makofi. Kisha mwalimu, ambaye amefundishwa kutomkatisha tamaa mtoto yeyote, akasema, "Na baba naye tumpe moyo," wakanipigia makofi matatu, pa, pa, pa, yale ambayo nimekuja kuambiwa njiani wakati wa kurudi kuwa hupewa aliyekosa ila amejitahidi.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimekuwa nikisimama mbele ya kioo cha bafuni na kutafuta b iliyo peke yake, na ninachoweza kukuambia ni kwamba mwalimu aliniomba kitu ambacho kinywa cha Mswahili hakina mahali pa kukiweka. Jaribu mwenyewe. Ukitaka kutamka m, unafunga midomo na sauti inapita puani muda wote unaotaka: mmmm. Ukitaka s, unaivuta mpaka pumzi iishe: ssss. Hizo zinavutika. Lakini b ni sauti ya kuzuia. Midomo inafungwa, hewa inarundikana nyuma yake, na wakati huo wote hakuna kinachosikika cha maana. Sauti yenyewe inazaliwa pale mlango unapofunguliwa. Na mlango ukifunguliwa hewa lazima itoke, na hewa ikitoka na mtetemo wake, hiyo tayari ni irabu. Watoto wana ujanja wa kuikata kabla haijakua. Sisi watu wazima tumeshazoea kumalizia kila kitu kwa irabu, kiasi kwamba neno la kigeni likija limeishia na konsonanti tunalishika na kulivalisha nguo kabla halijaingia sebuleni: benki, shati, basi, kitabu. Leo unaniambia niivue b hadharani, mbele ya watoto?

Lakini nikiwa mkweli, hoja ya mwalimu ina mashiko. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 ukawekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mkazo ulikuwa kwenye sauti. Mtoto anayejua kwamba hii ni be na ile ni a, ukimwambia aziunganishe atakupa "bea", na hapo yuko sahihi kabisa kwa alichofundishwa. Anayejua sauti huzibana pamoja, anapata ba. Akija mjomba aliyesomesha watoto wake shule za Kiingereza, anamfundisha kwamba a ni "ei" na i ni "ai", mtoto anakaa chini na kusoma "baba" kwa namna ambayo hata baba mwenyewe haitiki.

Nilirudi kwenye dawati, yaani nilirudi kujikunja, na nikiwa natafuta mahali pa kuweka macho ambapo hapana mtu, nikaona ukuta. Kwenye manila walikuwa wamebandika sentensi za watoto kuhusu familia zao. Ya binti yangu nilitambua mwandiko kabla sijaona jina. Ilisema:

"Dada yangu ana kitambi."

Binti yangu hana dada. Amezaliwa peke yake. Na wazazi wote waliokuwa wamesimama kule nyuma walikuwa na saa nzima ya kuisoma sentensi hiyo, kuniangalia mimi na tai yangu inavyoning'inia mbali na mkanda, na kufanya masahihisho wenyewe.

Kilichoniuma si herufi mbili zilizogeuka, ni ile ya tatu. Tazama neno la mwisho. Pale b imekaa sawasawa, mgongo wima kushoto, tumbo mbele kulia, ya kupigwa mfano. Kwenye "baba" zote mbili zimegeuka. Kwenye kitambi haikugeuka.

Nimelisoma sana jambo hili tangu hapo, na linastaajabisha. Ubongo wa binadamu haukuumbwa kusoma. Maandishi yana umri wa miaka elfu tano na kitu, muda mfupi mno kwa ubongo kuota sehemu mpya kwa ajili yake. Mtaalamu wa ubongo wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, anaeleza kwamba mtoto anapojifunza kusoma, eneo la nyuma upande wa kushoto wa kichwa lililokuwa likitambua sura na vitu hupokonywa sehemu yake na kupewa herufi. Na eneo hilo lina tabia yake ya asili. Mbuzi akikuangalia kutoka kushoto ni mbuzi. Akigeuka upande wa kulia ni mbuzi yule yule, na mtu ambaye ingemlazimu kumtambua upya kila anapogeuka asingefika mbali na mifugo yake. Kikombe mkono wake ukiwa huku au kule ni kikombe. Kwa maisha yake yote mtoto amekuwa akisifiwa kwa kujua kwamba kitu kikigeuka hakibadiliki. Halafu anafika darasa la kwanza, anaonyeshwa kijiti chenye duara, na anaambiwa kwamba hiki kikitazama kulia ni b, kikitazama kushoto ni d, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayomtenga baba na dada. Hakuna kitu kingine alichowahi kukutana nacho chenye masharti ya namna hiyo. Hata jina lake mwenyewe huliandika siku nyingine kuanzia kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, bila kosa hata moja, kazi ambayo mimi na wewe hatuiwezi bila kioo. Hupita, wanasema. Kwa wengi hupita wakiwa na miaka saba au minane. Mpaka hapo mimi ni dada.

Na kumbe sisi tumepata nafuu. Mtoto wa Kiingereza ana mlima. Wa kwetu ana kilima chenye ngazi. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti moja, haibadiliki ikae wapi. Zamani washairi wa Lamu na Pate waliandika lugha hii kwa hati za Kiarabu, ambazo zina alama tatu tu za irabu, ikabidi msomaji akisie mwenyewe kama hapa ni i au e, u au o. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikuta herufi za Kirumi zimeshashika, ikanyoosha tahajia, na matokeo yake chati nzima ya ba be bi bo bu inaenea kwenye manila moja. Mtoto akiimeza chati hiyo anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Chukua ule mwandiko mwekundu ulio kwenye kuta za nusu ya jiji hili: NYUMBA HII HAIUZWI. Ha, i, u, zwi. Irabu tatu zimepangana, hakuna hata moja inayommeza jirani yake. Na ile zwi mwishoni, ambayo ukiitazama unadhani itamshinda, mtoto huipenda kuliko zote.

Vituko havikosekani. M ni kimojawapo. Kwenye "mbuzi" m imeshikana na b, zinatoka pamoja, mbu-zi. Kwenye "mbwa" m imejitenga, ina kitako chake yenyewe, m-bwa, na ndiyo inayobeba mkazo. Hakuna kitu kwenye maandishi kinachokuonyesha tofauti hiyo; unaijua kwa sababu umeshawahi kumfukuza mbwa. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili hupigwa fimbo kwa kosa hilo, na aliyeshika fimbo hawezi kumweleza sheria yenyewe.

Kule kikaoni, bibi wa mihogo aliyasikiliza maelezo ya mwalimu kuhusu sauti mpaka mwisho, akaomba kuuliza. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake Masasi kwao ikawa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga kwanza. Yeye alikuwa mtoto, akimfuata mama yake darasani jioni kumshikia mdogo wake mchanga. Alikaa nyuma ya wale kina mama, akasoma bila kuandikishwa. Hakuna aliyemwomba atoe b peke yake. "Tulisoma ba be bi bo bu," akasema, "na kila mmoja alisoma kwa sauti na mwenzake akamsikiliza. Hawa wanasomeshwa sauti, sawa. Nani anawasikiliza?"

Mwalimu hakuwa na jibu, na hapo kicheko kilinikauka, kwa sababu nilipiga hesabu nikiwa nimejikunja palepale. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Wizara yenyewe inataka mwalimu mmoja kwa watoto 45. Akiamua kumsikiliza kila mmoja bila kufundisha kitu, bila kumtoa yeyote nje kukojoa, kila mtoto anapata sekunde 40. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, na ni haki yao, ila madarasa na walimu havikumiminika. Watoto mia moja kwenye dakika 30 ni sekunde 18 kwa mtoto. Ndani ya sekunde 18 binti yangu anakuwa amefika "ha-i-u". Ndiyo maana wanasoma kwa pamoja, kwa wimbo, na kwenye wimbo wa watu mia moja asiyejua kusoma haonekani. Anafungua mdomo tu. Anaweza kuufungua hivyo mpaka darasa la tano.

Halafu daftari linakuja nyumbani limeandikwa kwa peni nyekundu: Mzazi, msaidie mtoto kusoma. Msaidie lini? Mimi nafika saa tatu usiku, nimetoka kwenye foleni ya Mbagala nikiwa nimesimama, na mtoto amelala. Na msaidie kusoma nini? Kitabu cha kiada wanachangia shuleni na hakitoki nje ya geti. Kwa hiyo anasoma mfuko wa unga, karatasi ya dawa ya mbu na risiti za umeme wa luku. Lakini ukitaka mtoto asikilizwe, njia ipo: jioni, darasa lile lile, ubao ule ule. Sekunde 18 za asubuhi ni za bure. Dakika za jioni zinaitwa tuisheni na zina bei. Sikuyasema haya kwenye kikao. Mtu aliyetoka kushindwa kutamka b hana sauti ya kulalamikia sera.

Mengine yaliyotokea tangu siku hiyo ni madogo. Kwenye daladala binti yangu alisoma kutoka begani kwangu ujumbe wa mtu anayenidai, silabi kwa silabi, akipiga kofi kwa kila silabi kama walivyofundishwa, na konda akanishauri nimlipe. Msibani alimsomea shangazi maandishi ya kanga ya jirani, na wawili hao hawasalimiani mpaka leo. Kwenye ukuta wa nyumba ya familia ulioandikwa OGOPA MATAPELI, alimaliza kusoma akageuka kuuliza matapeli ni akina nani, wakati mjomba anayeigombania nyumba hiyo ndiye aliyempakata.

Bibi yeye alienda kwa mwalimu mkuu kujitolea: akae nyuma ya darasa asubuhi kabla mafuta hayajapata moto, watoto wamsomee mmoja mmoja. Akaambiwa aandike barua. Akaandika, kwa mwandiko wa Masasi uliolala vizuri mpaka nikaona haya kwa wangu. Barua inashughulikiwa.

Basi akaweka sheria yake. Kwenye meza yake ya mihogo pana ubao wenye maneno kwa chaki: MUHOGO, KACHUMBARI, PILIPILI, UKWAJU. Hakuna kuonyesha kidole. Unachotaka unakisoma, ka-chu-mba-ri, na asiyeweza anaambiwa kwa upole arudi nyuma ya foleni asikilize wenzake. Wale walio nyuma wana njaa, kwa hiyo wanakusahihisha haraka kuliko mwalimu yeyote wa Jamhuri. Kila siku anabadilisha mpangilio wa maneno ili wasikariri.

Kuna mvulana mmoja wa darasa la tano, mrefu, mwenye sauti iliyoanza kukwaruza, ambaye foleni ilikuwa ikimrudisha kila siku. Sasa amepata mbinu. Anasimama na mtoto wa darasa la kwanza mbele yake, anamgusa bega, mtoto anasoma ubao, yeye anarudia kwa sauti nzito. Malipo ni kipande kimoja cha muhogo kwa neno, viwili kama neno lina silabi zaidi ya tatu. Bibi anajua na ananyamaza, ila siku hizi kachumbari anaiandika mara mbili.

Mtoto anayelipwa ni binti yangu. Mama yake alikuwa ameshampeleka hospitali kuuliza kwa nini amepoteza hamu ya kula.